Mtoto Hataki Kulala: Mwongozo Kamili wa Usiku kwa Wazazi wa Watoto Wachangamfu

Kuna watoto ambao ikifika saa 3 usiku ndiyo kwanza wanaanza. Anaparamia makochi, anamkimbiza mdogo wake kwenye korido, anaomba maji, anaomba maji tena, halafu anakumbuka ana njaa. Mama ana usingizi, baba ana usingizi, dada wa kazi anasinzia jikoni, yeye macho makavu kabisa. Saa 4 na nusu anadondoka palepale sebuleni na kubebwa kitandani. Saa 11 alfajiri anaamshwa kwa nguvu, anavalishwa sare huku analia, na gari la shule linapiga honi nje.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya wazazi wa watoto hao, hasa wa miaka 2 hadi 6, nikiwa na nyumba za mjini akilini: Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi, ambako mzazi anarudi usiku kwa sababu ya foleni na familia nyingi zinakaa chumba na sebule. Nafundisha chekechea, kwa hiyo watoto hawa nawaona upande wa pili wa usiku wao, saa 3 asubuhi, kichwa kikiwa juu ya daftari. Ninachokiamini ni kwamba mtoto wa namna hii mara chache ni mkaidi. Jioni yake ndiyo haijapangwa, na mara nyingi sana kuna mtu anamsubiri. Hilo la kusubiri nimelieleza kwenye hatua ya nne. Ukikosa muda wa kusoma yote, soma hiyo.

Hatua ya kwanza: piga hesabu kuanzia asubuhi kurudi nyuma

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019 kuhusu watoto wa chini ya miaka 5, linataka mtoto wa mwaka 1 hadi 2 apate masaa 11 hadi 14 ya usingizi kwa siku nzima, na wa miaka 3 hadi 4 apate masaa 10 hadi 13. Usingizi wa mchana unahesabiwa humohumo. Mtoto wa miaka 5 bado yuko kwenye hayo 10 hadi 13, na akifika 6 anaingia kwenye 9 hadi 12.

Sasa chukua saa anayoamka na urudi nyuma. Anayeamka saa 12 asubuhi, ili apate masaa 10 ya usiku, inatakiwa saa 2 usiku awe ameshalala. Anayeamshwa saa 11 alfajiri inatakiwa awe amelala saa 1 usiku, na hapo ndipo wazazi wengi wanaguna, kwa sababu saa 1 usiku hata mboga haijaiva. Hesabu hiyo haidanganyi, lakini ina njia za kuilegeza. Mwogeshe usiku ili asubuhi anawe uso tu na kupiga mswaki. Sare, soksi na begi viwekwe kwenye kiti kimoja tangu jioni. Hapo tu unaokoa nusu saa ya usingizi wa alfajiri. Muulize pia dereva au matroni kama njia inaweza kugeuzwa ili mwanao asiwe wa kwanza kuchukuliwa, maana watoto wengi wanaamshwa saa 11 ili wazungushwe mtaani saa nzima. Kinachobaki kilipwe kwa usingizi mfupi wa mchana.

Kabla hujabadilisha chochote, andika kwa wiki moja saa anayopitiwa na usingizi kweli. Andika ya kweli hata kama ni saa 4 na nusu, utaihitaji kwenye hatua ya sita.

Hatua ya pili: mchoshe mchana, tena mapema

Shirika hilohilo linasema mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa mwili kila siku, na 60 kati ya hizo ziwe za kumtoa jasho. Mtoto wa uswahilini anazipata bila mtu kuzipanga: kombolela, rede, kuruka kamba, ukuti. Anayepata shida ni wa ghorofani au wa nyumba yenye geti lililofungwa, anayeshinda na katuni kuanzia anarudi shule mpaka jioni. Nguvu zote alizozitunza zinatoka usiku, na hana pa kuzipeleka zaidi ya makochi yako. Dada akimtoa nje saa 10 jioni jua likishapoa, akakimbia mpaka saa 11 na nusu, umemaliza kazi kubwa. Hata ngazi za ghorofa zinafaa, kupanda na kushuka mara kadhaa huku akisimamiwa. Kuanzia saa 12 na nusu michezo ya kukimbizana na kutekenyana ikome.

Usingizi wa mchana unahitaji mazungumzo ya wazi na anayekaa na mtoto. Dada wa kazi ana nguo za kufua, ana chakula cha kupika, na mtoto akilala saa 9 alasiri anamwacha mpaka saa 11 ili amalize kazi zake. Simlaumu hata kidogo. Lakini mtoto aliyeamka saa 11 jioni hawezi kuwa na usingizi saa 2 usiku, mwili wake haujakusanya uchovu wa kutosha. Kwa mtoto wa miaka 2 au 3, alale mara tu baada ya chakula cha mchana na aamshwe taratibu kabla ya saa 9 alasiri. Akikaribia miaka 4 au 5 wengi wanaacha wenyewe kulala mchana, na dalili yake ni kwamba siku aliyolala mchana, usiku inakuwa vita. Anayeamka saa 11 alfajiri huyo aendelee kulala mchana, hata kama ana miaka 5. Mpunguzie dada kazi moja ya jioni ili aweze kukaa naye akiwa macho. Bila hivyo agizo lako halitekelezeki.

Hatua ya tatu: chakula, chai na mwanga

Mlishe mtoto saa 12 na nusu jioni, saa 1 ikichelewa sana, hata kama wakubwa mnakula saa 3. Wali maharage, ugali na dagaa, ndizi, viazi, chochote kilichopo. Kama chakula cha usiku hakijaiva, kimegwe cha mchana kipashwe moto. Akienda kulala saa 2 baada ya kula hivyo, ile "nina njaa" ya saa 3 inapoteza nguvu. Ukiona kweli anahitaji kitu, kikombe kidogo cha uji kabla ya kupiga mswaki kinatosha.

Chai ndiyo inayosahaulika. Nyumba nyingi usiku ni chai na chapati au mkate, na mtoto anawekewa kikombe chake kama wakubwa. Majani ya chai yana kafeini, iwe ya rangi au ya maziwa, na soda nyeusi za kola zinayo pia. Kwa mtu mzima kafeini huchukua kama masaa 5 ndipo nusu yake itoke mwilini, na mwili wa mtoto ni mdogo, kikombe kimoja kwake ni kingi. Mpe maziwa ya moto au maji ya tangawizi bila majani. Sukari yenyewe inasingiziwa: uchambuzi uliochapishwa mwaka 1995 kwenye jarida la chama cha madaktari wa Marekani ulijumlisha majaribio mengi na haukuona kwamba sukari inawafanya watoto waruke. Ipunguze kwa ajili ya meno, ila usidhani kumnyima pipi kutamlaza.

Mwanga ni jambo zito kuliko wengi wanavyodhani. Giza likiingia ubongo hutoa homoni ya melatonini, ambayo ndiyo inauambia mwili kwamba sasa ni usiku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani waliwaweka watoto 10 wa miaka 3 hadi 5 kwenye mwanga mkali kwa saa moja kabla ya kulala, na mwaka 2018 wakachapisha walichokiona: melatonini ilishuka kwa karibu asilimia 88, na kwa wengi ilibaki chini hata baada ya taa kuzimwa. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumepewa bahati hapa. Jua linazama karibu saa 12 na nusu mwaka mzima, giza linakuja lenyewe mapema, na sisi tunalifukuza kwa taa nyeupe ya dari na runinga.

Runinga na simu vizimwe saa moja kamili kabla ya kulala. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja ya skrini kwa siku nzima, kwa hiyo saa yake ilishaisha zamani. Najua kikwazo: saa 2 ni taarifa ya habari, na baada yake tamthilia. Kama mna chumba kimoja, tundika khanga au pazia kati ya kitanda na runinga, geuza runinga itazame mlango, sauti iwe ya chini, au mkubwa atumie visikilizio. Taa ya dari zima, washa balbu ndogo ya manjano au taa ya sola iliyoelekezwa ukutani. Nyumba nzima ikijifanya ni usiku kwa dakika 40, mtoto anasadiki. Akilala fofofo, washeni mnachotaka.

Hatua ya nne: mzazi anayerudi saa 2 usiku

Tazama kinachotokea kwenye nyumba nyingi. Saa 1 na dakika 50 mtoto ameshaoga, ana nguo za kulala, anafikicha macho, anapiga miayo. Dada anamwambia twende tukalale. Hataki. Anauliza, "Baba amefika wapi?" Anaambiwa yuko njiani. Anasogea dirishani. Pikipiki inapita, anasimama, si yeye. Gari linapunguza mwendo, anasimama tena. Saa 2 na dakika 20 geti linalia na mtoto anatoka mbio na ndala moja mguuni. Baba anambeba, anamrusha juu, anamdaka, wanacheka. Kwenye mfuko kuna biskuti. Kuna simu yenye michezo. Ni dakika 10 tamu kuliko zote kwenye siku ya huyo mtoto, na usingizi uliokuwa umefika ukapaa. Hautarudi kabla ya saa 4.

Mtoto huyu hakukataa kulala. Alikataa kumkosa baba yake. Ukimchapa kwa hilo unamwadhibu kwa kukupenda. Na kumwambia "leo hutamwona, lala" hakusaidii, kwa sababu kesho alfajiri baba atakuwa ameshaondoka au kila mtu atakuwa anakimbizana, na mtoto anajua hivyo. Kwa hiyo panga kukutana kwenu kama unavyopanga chakula chake.

Kama unaweza kufika kabla ya saa 2, ingia kimya. Hakuna kurusha mtoto juu, hakuna mieleka, hakuna simu. Zawadi ibaki kwenye begi mpaka asubuhi, na umwambie ipo. Nawa mikono, kaa chini sakafuni au ukingoni mwa kitanda, na uchukue hatua iliyokuwa inaendelea: kama anaogeshwa, malizia wewe kumwogesha, kama anapakwa mafuta, mpake wewe. Dakika 15 za mzazi asiyeshika simu zinamshibisha mtoto. Nimewaambia wazazi wengi hili na wengi wanaona ni dogo mno kuweza kusaidia. Lijaribuni kwa wiki.

Kama huwezi kufika kabla ya saa 2, na foleni haina huruma, usimwache akusubiri. Piga simu saa 1 jioni, ya sauti tu bila video, mwulize amekula nini na amecheza na nani, mtakie usiku mwema, na umwahidi asubuhi utamwamsha wewe. Halafu timiza. Umwamshe wewe, umbebe mpaka bafuni, umfunge viatu wewe. Mtoto anayejua kwa hakika kwamba asubuhi ni yake na mama, au yake na baba, usiku anaachia. Ukivunja ahadi hiyo mara mbili tatu, atarudi dirishani.

Ukikuta ameshalala, mtazame, mfunike, toka. Usimwamshe ili akuone.

Hatua ya tano: mfuatano mmoja, kila usiku, usiozidi dakika 40

Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na mwanasaikolojia Jodi Mindell walichapisha matokeo ya akina mama 405 wenye watoto wachanga na wanaotambaa mpaka wanaokimbia. Waliofuata utaratibu uleule kila usiku, yaani kuoga, kupakwa mafuta, jambo la utulivu, kisha taa kuzimwa ndani ya dakika 30, watoto wao walilala haraka zaidi, waliamka mara chache usiku, na mama wenyewe hali zao zilikuwa nzuri zaidi, ndani ya wiki chache tu. Hakuna dawa wala kifaa kilichotumika, ni mfuatano ule ule.

Kwa nyumba zetu naupendekeza hivi, kwa mtoto wa kulala saa 2.

Saa 1 na robo, kuoga. Maji ya uvuguvugu kwenye beseni, hata msimu wa joto la Desemba mpaka Machi, kwa sababu maji hayo yanafungua mishipa ya ngozi na mwili unapoa ukishatoka, na mwili unaopoa ndio unaoingia usingizini. Maji ya baridi ya bomba yanamshtua na kumchangamsha. Usiku wa joto mvishe kivesti na chupi tu, feni iwe ya mzunguko isimpige usoni moja kwa moja.

Kisha mafuta. Hapa usiharakishe. Mafuta ya nazi kidogo viganjani, uyapashe kwa kusugua mikono, uanze na nyayo. Panda miguu kwa mkono mzito, taratibu, kama unavyomkanda mtoto mchanga, uende mgongoni, umalizie mabegani. Mtoto mchangamfu mara nyingi anatulia kwa mguso mzito na wa polepole, ilhali mguso mwepesi unamtekenya na kumwamsha. Ongea kidogo, kwa sauti ya chini. Utasikia pumzi zake zinabadilika.

Mswaki, kukojoa, maji mafunda mawili. Mwambie wazi kwamba hayo ndiyo maji ya mwisho.

Sasa chandarua. Kagua kwanza kama kuna mbu ndani, halafu kichomekwe chini ya godoro pande zote. Mfanye mtoto ajue kwamba chandarua kikishachomekwa, siku imefungwa: hakuna kushuka tena. Watoto wanakipenda, wanakiona ni nyumba yao ndogo, na alama inayoonekana kwa macho wanaielewa upesi kuliko maneno "muda wa kulala umefika". Umeme ukikatika usiweke mshumaa wala koroboi karibu na chandarua hata dakika moja. Tochi au taa ya sola iwepo siku zote.

Baada ya hapo dua ya kulala au sala, kama ndiyo desturi ya nyumba, na hadithi. Sungura na Fisi wanafaa kabisa, ila usimulie ukishuka. Anza na "Paukwa!", naye aitikie "Pakawa!", halafu kila baada ya sentensi kadhaa punguza sauti na mwendo. Hadithi ileile usiku baada ya usiku ni nzuri kuliko mpya, kwa sababu mpya inamfanya asubiri mwisho. Vitendawili viachie mchana. Vinamfanya ashindane, na mtoto anayeshindana halali. Kama una wimbo wa bembelezi uliobembelezewa wewe, uimbe. Ukiimba vibaya pia unafaa.

Hatua ya sita: apitiwe na usingizi akiwa palepale atakapoamkia

Usiku kila mtu anaamka kidogo mara kadhaa, usingizi unapogeuka kutoka mzito kuwa mwepesi. Mkubwa anajigeuza na kuendelea. Mtoto anatazama kama mambo yako kama alivyoyaacha. Aliyelala kwenye kochi, runinga ikiwaka, akaamka kitandani gizani, anashtuka na kulia, kama ungeshtuka wewe ukiamkia barabarani. Aliyelala na chupa anataka chupa. Kwa hiyo mlaze kitandani akiwa amelegea lakini bado macho, na hali iliyopo wakati huo ndiyo iwepo saa 8 usiku.

Simaanishi alale chumba chake peke yake. Familia nyingi zinalala pamoja na mtoto anayelala na ndugu zake au na bibi yake yuko sawa. Ninachosema ni kwamba asihitaji kazi yako ili asinzie. Kama amezoea kubembelezwa mpaka mwisho, punguza kidogo kidogo: usiku wa kwanza hadi wa tatu mkono wako mgongoni bila kupigapiga, siku zinazofuata unakaa kando bila kumgusa, kisha kwenye kigoda karibu na mlango. Hujibu maswali. Neno lako ni moja, "Lala, mwanangu, mama yupo," kwa sauti ileile.

Sasa ile saa ya kweli uliyoandika. Kama anasinzia saa 4 usiku, kumlaza ghafla saa 2 ni kumweka kitandani kwa masaa mawili ya vita. Mwaka 2013 watafiti wa Colorado walipima melatonini kwa watoto 14 wa miaka 2 na nusu hadi 3, wakaona kwa wastani inaanza kupanda saa 1 na dakika 40 usiku, lakini inatofautiana sana kati ya mtoto na mtoto, na waliolazwa kabla ya saa yao ndio waliohangaika zaidi kitandani. Kwa hiyo anza pale alipo. Fanya mfuatano wote ukiishia saa 4 kasorobo, aone kwamba kitanda na usingizi vinaenda pamoja. Baada ya usiku mbili tatu zilizotulia, mlaze mapema zaidi kwa dakika 15. Tena dakika 15. Saa ya kuamka asubuhi isisogee hata Jumapili, vinginevyo yote yanarudi nyuma.

Kwa mtoto wa miaka 3 na kuendelea anayetoka kitandani kila dakika 5, kuna njia iliyoandikwa na wanasaikolojia wa Marekani mwaka 1999 ambayo naipenda kwa sababu inamheshimu mtoto. Kata kipande cha boksi, mpe apake rangi, kiitwe tiketi. Kila usiku ana tiketi moja: anaweza kutoka kitandani mara moja, au kukuita mara moja, kwa jambo lolote dogo, maji, kumbatio, kukojoa. Akiitumia anakukabidhi. Baada ya hapo akitoka unamshika mkono na kumrudisha bila maneno, bila kuguna, bila kumkodolea macho, hata mara 15. Wengi wanailalia tiketi yao, hawataki kuimaliza.

Usiku wa pili na wa tatu unaweza kuwa mbaya kuliko wa kwanza. Atalia zaidi, atajaribu kila mlango. Hapo ndipo bibi au shangazi anaingia na kusema, "Mnamtesa mjukuu wangu, mleteni kwangu." Zungumza naye kabla, kwa heshima yake, umweleze mtakavyofanya na umpe nafasi yake kwenye mfuatano. Hadithi iwe ya bibi. Mtoto akijua watu wote wa nyumba wanasema neno moja, anaacha kutafuta mlango wa nyuma.

Mambo ya kuacha kabisa

Usimpe dawa ili alale. Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi zinatolewa kiholela kwenye nyumba nyingi, na ni hatari: zinaweza kuathiri upumuaji wa mtoto mdogo, na watoto wengine zinawachangamsha badala ya kuwalaza. Dawa za kikohozi nazo si za kuchezea. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa za maji zilizokuwa na sumu, baada ya watoto wengi kufariki nchini Gambia.

Usimtishe kwa zimwi, polisi, wala daktari wa sindano. Mtoto mwenye hofu hawezi kufumba macho, na siku atakayoumwa kweli atamkimbia daktari. Na kitanda kisiwe adhabu. Ukimwambia "umekosea, nenda kalale" mchana, usiku usishangae akikikataa.

Usiku wa manane

Mtoto wa miaka 3 hadi 7 anaweza kukaa ghafla kitandani saa 4 au 5 usiku, akapiga kelele, macho wazi, jasho, asikutambue. Kunatisha, na mtaani wengi watakwambia ni mashetani. Mara nyingi ni kuweweseka kwa usingizi mzito, kunakotokea ndani ya masaa machache ya mwanzo, zaidi kwa mtoto aliyechoka kupita kiasi au mwenye homa. Usimtikise wala kumwamsha. Hakikisha hajiumizi, kaa karibu, ndani ya dakika chache atarudi kulala na asubuhi hatakumbuka. Ndoto mbaya ni tofauti: zinakuja kuelekea alfajiri, anaamka kweli, anakumbuka, anakutaka. Huyo mkumbatie na umsikilize.

Kukojoa kitandani chini ya miaka 5 ni kawaida. Weka nailoni chini ya shuka, shuka ya pili iwe karibu, badilisha gizani bila mazungumzo, na kamwe asiaibishwe mbele ya wenzake.

Mpeleke kituo cha afya kama anakoroma usiku mwingi, analala mdomo wazi, au pumzi inakatika kisha anashtuka. Hizo zinaweza kuwa nyama za pua au mafindofindo makubwa, na mtoto wa hivyo mchana anaonekana mtukutu kwa sababu halali vizuri. Mpeleke pia kama anajikuna makalio usiku, kwa kuwa minyoo midogo myeupe hutoka kutaga usiku, au kama miguu haitulii kitandani na anaonekana mweupe viganjani, apimwe damu, maana upungufu wa madini ya chuma husumbua usingizi. Ngozi inayowasha nayo inatibika.

Mfungo wa Ramadhani, Krismasi kijijini, msiba, harusi, vyote vitavuruga mpango na hakuna ubaya. Usijaribu kurekebisha kwa kumlaza saa 12 jioni siku ya kurudi. Mwamshe asubuhi kwa saa yake ya kawaida hata kama alilala usiku wa manane, mtoe nje kwenye jua kabla ya saa 3 asubuhi, usingizi wa mchana usizidi saa moja, na jioni anza tena na beseni la maji ya uvuguvugu saa 1 na robo.